Bila Kupasua

Umechukua sikio langu, Mbelwa.
Nimelitafuta mkobani, kwenye msumari wa mlango,
chini ya kanga nilizoanua jana,
kumbe limo kapuni mwako, limelala na spana,
limepakaa grisi
kama halijawahi kusikia mtoto akihema.

Stetoskopu ile niliinunua kwa mshahara wa kwanza,
mwaka nilioanza Bombo.
Nilikuja juu. Ukaniacha nimalize.
"Basi twende wote," ukasema. "Mimi nasikia kelele tu.
Wewe umesomea kelele."

Saa nane za usiku, Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Moja.
Baiskeli moja, wewe mbele, mimi kwenye keria.
Hiyo ndiyo saa ambayo mji unafunga mdomo:
mashine za kusaga, redio, hata mbwa.
Nikapiga magoti kwenye lami na sare yangu nyeupe,
nikaweka kisahani kwenye koki ya mita.
Kwa Bi Saumu, kimya kinene.
Nyumba ya tatu, mluzi mwembamba.
Ya tano, nikakuinulia kidole usipumue:
shuu, shuu, shuu,
ule mnong'ono wa vali isiyofunga vizuri,
nimeuandika mafailini miaka kumi na tisa.
"Hapa," nikasema.
Ukachora chokaa.

Wakubwa zako walitaka kupasua.
Mita kumi na mbili za lami, katapila, siku nne za ndoo foleni.
Nikakwambia, tukila, hata moyo siku hizi hawakimbilii kuupasua.
Wanaingilia kwenye kifundo cha mkono
na uzi wenye puto dogo kama punje ya mpunga,
wanausukuma mpaka palipoziba, wanalijaza,
linaacha kijiwavu ndani, linatoka.
Mgonjwa anaangalia dari. Jioni anaomba uji.

Kijiko chako kikasimama njiani.
Ukatoka nje, ukachomoa mpira wa ndani wa baiskeli.
Yangu, Mbelwa. Si yako.

Wiki tatu nyumba ikanuka gundi.
Puto la kwanza lilipasuka uani, kuku wakaacha kutaga.
La pili likagoma kutoka; tulilizika na kipande chake cha bomba.
La tatu ukalivika soksi ya nyuzi za faiba
uliyoomba kwa mafundi wa boti,
ukailowesha gundi, ukalipitisha kwa waya wa breki,
na mimi nikapiga pampu nikisoma mshale
kama ninavyousoma mkononi mwa mgonjwa:
arobaini, sitini, basi! Basi!
Presha ni presha, ulisema,
haijui kama ni damu au maji.

Masaa matatu tungoje ishike.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamfikiria baba.
Puto lilikuwepo, Dar es Salaam.
Nauli tulikuwa nayo.
Bei ya kijiwavu ndiyo hatukuwa nayo.
Sikulisema. Hukuuliza.
Ulinipa tochi niishike.

Alfajiri bomba likakohoa, likatema kutu,
kisha maji yakapanda mpaka ghorofani.
Hakuna aliyepiga makofi. Watu walioga.

Siku ya kumi Mama Sekiete akaja mlangoni
na fungu la mchicha uliosinyaa.
Miaka sita bustani yake ya kando ya barabara
ilikunywa pale pale palipovuja,
ikamlipia mwanawe ada.
"Mmeponya bomba lenu," akasema.
"Mimi nilikuwa naishi kwenye kidonda."
Hukuwa na jibu.
Ulijaza ndoo mbili, ukampelekea.
Kesho yake tena. Na leo.

Stetoskopu imerudi mkobani.
Nimeifuta kwa spiriti mara saba, bado inanuka udongo.
Leo wodini, kitanda cha nne, Chiku, miaka tisa.
Nikamwekea kifuani, akacheka kwa ubaridi wa chuma.
Nikafumba macho.
Shuu. Shuu.
Nikasogeza kisahani kushoto kidogo,
na mkono wangu wa pili, wenyewe,
ukaanza kupapasa mfukoni
kutafuta chokaa.